Jozi Nane za Viatu

Abiria wa mwisho alipokanyaga gati la Lobra na kuvaa viatu vyake, kikapu kilibaki kitupu, na Catello Aversa akashusha pumzi. Kikapu kitupu maana yake watu wote wameshuka salama. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na ndivyo alivyofanya miaka yote aliyobeba watalii, wanane kwa safari, kuwapeleka kisiwa cha Capri asubuhi na kuwarudisha alasiri.

Kwenye mashua yake hakuna anayeingia na viatu. Mbao zimepigwa msasa na vanishi, na Catello anazionea wivu kama mke mpya. Abiria anavua, anatia kikapuni; akishuka Capri anavaa, akirudi anavua tena. Catello anahesabu jozi. Vichwa hahesabu. Marehemu baba yake, mzee Aniello, aliamini kwamba kuhesabu vichwa vya watu majini ni kuichokoza bahari, na hakuna aliyebishana naye, maana hakuwahi kumpoteza mtu. Sisi wa Lobra tunayacheka mambo hayo tukiwa nchi kavu. Tukishapanda chombo, hatucheki.

"Mgeni wangu yuko wapi?" aliuliza Ersilia, mkewe.

Alikuwa amesimama kwenye gati tangu mashua ilipozunguka mwamba, mwavuli wa jua mkononi, akimngojea Bi Ottavia amshike mkono wapande naye ngazi hadi nyumbani. Bi Ottavia Pesenti, mjane wa miaka themanini na ushee kutoka Bergamo, alikuwa amepanga chumba chao cha nyuma kwa wiki moja. Kabla hajafika, binti yake Tiziana alimpigia Ersilia simu akamwonya: mama anasahau sana siku hizi, asiachwe peke yake hata kidogo. Ersilia akaapa kwamba atamtunza kama mama yake mzazi.

"Ameshashuka," Catello alisema huku akikunja kamba.

"Ameshuka saa ngapi? Nimewaona wote. Wale mume na mke wenye nywele nyeupe. Wasichana watatu. Yule mama wa Argentina na mumewe. Mgeni wangu sijamwona."

"Ersilia, kikapu kilikuwa kimejaa. Jozi nane. Nimehesabu kule Capri kabla ya kufungua kamba, na nikarudia."

"Mimi nimekuuliza habari za viatu?"

Catello aligeuka akaitazama mashua. Mito ya kukalia, chupa tupu, maganda ya malimau, taulo moja iliyosahauliwa. Aliinama akachungulia hata chini ya sitaha ya mbele, mahali ambapo paka hatoshi, sembuse bibi wa Bergamo. Aliponyanyuka damu ilikuwa imemwisha usoni.

Hatua chache tu kutoka pale, mama wa Argentina, Mirta, alikuwa akimpiga picha mumewe. Miguuni alikuwa na raba zake za asubuhi. Mkononi alining'iniza makubadhi mapya, ya ngozi na vijiwe vya buluu, ambayo mafundi wa Capri humshonea mtu huku akisubiri kitini.

"Mama," Catello alimwita. "Hayo makubadhi, wakati wa kurudi uliyaweka wapi?"

"Kikapuni!" Mirta alijibu kwa furaha. "Si ulisema viatu vyote kikapuni? Nikatia raba, nikatia na haya. Mazuri, eh? Bei yake usiniulize, mume wangu anasikia."

Kwenye gati la Lobra neno halichelewi. Liberato, ambaye mashua yake hufungwa jirani na ya Catello na ambaye humnyang'anya wateja kila anapoweza, alikuwa ameketi juu ya ndoo akimenya uduvi wake wa jioni.

"Nahodha!" alipaza sauti. "Leo umeuza abiria? Umemuuza kwa kilo au kwa kichwa?"

Watu wawili watatu walicheka. Mirta ndiye aliyeacha kucheka kwanza, akayatazama makubadhi yake kana kwamba yamemwiba mtu, akaanza kusema samahani kwa Kihispania na kwa lugha yetu, zote mara moja.

"Si kosa lako, mama," alisema Ersilia. Kisha akamgeukia mumewe. "Umemwacha bibi wa watu kisiwani."

*

Ersilia alipiga simu ya Bi Ottavia. Ikaita, ikaita, ikapokewa, na moyo ukamruka kwa furaha.

"Nani?" ilisema sauti, na ilikuwa sauti ya mama mkwe wake.

"Mama! Simu hiyo umeipata wapi?"

"Iko hapa chumbani kwake, kwenye chaji. Inapiga kelele tangu zamani. Mgeni mnamleta saa ngapi? Nimeshatia chumvi kwenye maji ya tambi."

Ersilia alimweleza kwa maneno machache. Bi Nannina, yule mama mkwe, akauliza kama Catello amehesabu viatu.

"Amehesabu, mama. Tatizo ndilo hilo. Sikiliza: binti yake hupiga kabla ya chakula cha jioni. Akipiga usipokee. Umesikia? Usipokee!"

"Mimi si mtoto," alisema Bi Nannina.

Simu ilipolia tena, aliipokea. Ukiwa na miaka sabini na tisa na simu inalia nyumbani kwako, unapokea. Kufanya vinginevyo ni utovu wa adabu.

"Mama?" alisema Tiziana.

"Si mama yako, binti yangu. Ni Nannina, mama yake Catello. Mama yako yuko bafuni."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Ukutani, juu ya jiko, palikuwa na picha ya Bikira Maria wa Lobra, na ilikuwa ikimtazama moja kwa moja. Bi Nannina alinyoosha mkono akaigeuzia ukutani.

"Basi naomba umgongee mlango. Nataka kumsikia tu."

Bi Nannina aligonga meza ya jikoni kwa mwiko. "Bi Ottavia! Mwanao!" Akasubiri kidogo. "Anasema atakupigia akimaliza. Chumvi ya bahari haitoki haraka, unajua."

"Ameoga na nywele?"

"Nywele, masikio, kila kitu."

Alikata simu. Aliketi, akauzima moto wa tambi, akaitazama ile simu juu ya meza. Yeye na Bi Ottavia walikuwa wamekaa barazani jioni tatu mfululizo wakichambua maharage na kuwasengenya wajukuu. Alimpenda. Hakumwambia mtu, lakini alimpenda, na sasa alimwona rafiki yake yuko peke yake kule ng'ambo, hajui aende wapi, na machozi yakamtoka.

*

Ersilia hakuwa amepanda mashua ya mumewe kwa zaidi ya miaka kumi. Kila mtu Lobra anajua: mke wa nahodha ni wa shamba la malimau, bahari anaipenda akiwa juu, barazani. Siku hiyo alivua ndala akazitupa ndani ya mashua kabla Catello hajawasha injini.

"Wewe baki," Catello alimwambia alipomwona. "Upepo wa magharibi umeamka. Utatapika."

"Nitatapika. Aliyeahidi ni mimi, si wewe. Washa."

Walipotoka nje ya rasi ya Campanella, mkondo ukaanza kuwarusha. Ersilia alishika ukingo kwa mikono miwili. Alitapika mara ya kwanza, akajifuta, akasema:

"Nipe namba ya walinzi wa pwani."

"Tukifika."

"Nipe sasa. Bibi wa watu hana simu, jua kali, hajui pa kwenda. Pengine ameanguka. Pengine anatanga kwenye yale mawe."

"Ersilia, wakijua wanazuia mashua. Ni Agosti! Wakinifungia Agosti, miezi ya baridi tutakula nini?"

"Tutakula viatu. Si ndivyo unavyovijua?"

Catello alikaza macho mbele. Neno lilimchoma, na mbaya zaidi lilikuwa la kweli. Alikuwa akijaribu tangu Lobra kumkumbuka Bi Ottavia alivyoketi asubuhi ile. Upande gani? Alicheka? Aliuliza kitu? Alikumbuka kwamba abiria wanane walikuwa wamestarehe na kwamba jibini lilitosha. Kilichobaki kilikuwa mto wa kukalia na kofia.

"Tukifika," alisema tena, kwa sauti ya chini, "kama hayupo gatini, napiga. Mbele yako."

"Apa kwa mama yako."

"Kwa mama yangu."

Ersilia akatapika mara ya pili. Baada ya hapo alikaa chini kwenye sitaha, mgongo kwenye kiti cha nahodha, na Catello akateremsha mkono mmoja akauweka juu ya kichwa chake. Aliuacha uwe pale. Walikuwa wamekasirikiana na wameogopa, na kati ya hayo mawili hofu ilikuwa kubwa zaidi.

*

Gati la Capri alasiri ya Agosti ni vurugu tupu. Meli mbili za abiria zilikuwa zimetia nanga, moja ikitapika watu na nyingine ikiwameza. Mwenye zamu ya gati alimwona Catello anasogea, akampungia aende zake.

"Wewe zamu yako imeshaisha! Hapa hufungi!"

"Dakika kumi tu, kaka."

"Hata tano. Lipa upya au toka."

Catello alitoa pesa zote zilizokuwa mfukoni bila kuzitazama. Yule bwana alizichukua, akachagua noti moja, akamrudishia zilizobaki huku akitikisa kichwa, kwa jinsi unavyomrudishia mlevi chenji yake. Ersilia alikuwa ameshapotelea kwenye umati, pekupeku.

Waliangalia kwenye mabenchi ya kivulini. Waliangalia kwa wauza tiketi, kwenye foleni ya treni ya mlimani, kwenye vyoo, ndani ya duka la manukato na ndani ya kanisa dogo. "Bibi mmoja, mfupi," alisema Ersilia kwa kila aliyesimama, naye aliyesimama alitazama huku na huku akanyanyua mabega, maana gati lilikuwa limejaa mabibi wafupi. Kisha, upande wa forodha, watu wakaanza kurundikana, na gari dogo la wagonjwa likapita likipiga honi.

Ersilia alikimbia. Alipenya kwa viwiko, akasukuma mtu mwenye begi, akafika mbele. Chini alikuwa amelala mzee mwanamume, mwekundu kwa jua, akipewa maji na kuomba radhi kwa usumbufu. Ersilia alijikuta anasema "Ashukuriwe Mungu" kwa sauti, mbele ya mke wa yule mzee, na mke akamkata jicho.

Aliporudi, Catello alikuwa amesimama katikati ya gati, simu sikioni. Hakuhitaji kukumbushwa kiapo.

"Naitwa Catello Aversa, wa Lobra," alikuwa akisema. "Nimepoteza abiria. Nimemwacha hapa Capri mimi mwenyewe. Mwanamke, mzee."

Mlinzi wa pwani upande wa pili alimuuliza yukoje.

"Ana viatu vya kitambaa," alisema Catello. "Vya kijivu. Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje. Kamba moja si ya asili, ameiweka baadaye, nyeupe."

Mlinzi akakohoa.

"Bwana Aversa, sikukuuliza viatu. Sura yake ikoje?"

Catello alifungua kinywa. Bibi huyo alikuwa amelala nyumbani kwake usiku tatu. Alikuwa amekula mezani pake, amemsifia tambi za mke wake, amempa mkono kila asubuhi. Catello alimtafuta kichwani na kilichomjia ni ile kamba nyeupe. Alisimama pale na simu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na masikio yakamuwaka moto kwa aibu.

Ersilia alimnyang'anya simu. "Macho ya kahawia, moja limelegea kidogo. Nywele fupi, amezikata mwenyewe kwa mkasi. Ana doa hapa shavuni, la kuzaliwa. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Sikio la kulia halisikii, ukiongea naye simama kushoto. Anaitwa Ottavia."

Kisha yule mlinzi akacheka taratibu.

"Anaziba mdomo kwa mkono, eh? Basi njooni. Nawaona dirishani; yuko hapa kwetu kibandani, nyuma yenu. Amemaliza birika zima la maji ya limau."

*

Alikuwa ameketi chini ya feni, viatu amevivua na miguu ameiweka juu ya kreti la chupa, akimsikiliza mlinzi mwingine akimlalamikia habari za mchumba wake. Ersilia alimkumbatia hivyohivyo alivyokuwa amekaa, akalia begani mwake bila kujizuia.

"Unanuka matapishi, mwanangu," alisema Bi Ottavia, akamkumbatia kwa nguvu zaidi.

Mlinzi aliyepokea simu, mwanamume mwenye mvi na kalamu sikioni, alimgeukia Catello.

"Tumemwona amesimama muda mrefu, tukamleta kivulini. Tukamuuliza mashua gani imemwacha. Kakataa kusema. Kasema anamsubiri mpwa wake. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, namjua aliyeachwa na anayesubiri. Ilikuwa nikimaliza chai yangu nianze kupiga simu kwa manahodha, mmoja mmoja." Akamtazama Catello juu mpaka chini. "Umepiga mwenyewe, umejitaja jina. Hilo limekusaidia. Ungepiga chai yangu ikiwa imekwisha, tusingezungumza hivi."

"Nashukuru, bwana."

"Usinishukuru. Unahesabu nini wewe, kabla ya kufungua kamba?"

Catello alilazimika kusema. Alisema mbele ya walinzi watatu na fundi wa feni, na walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupumua. Mwenye mvi hakucheka.

"Kuanzia kesho," alisema, "utahesabu watu."

Walipotoka, Bi Ottavia alitembea katikati, amewashika mkono wote wawili. Catello alikuwa ametafuta maneno tangu kibandani.

"Bi Ottavia, kwa nini hukunitaja?"

"Usijisifu, mwanangu, sikukufichia wewe. Ningetaja mashua wangeandika, wangeandika wangempigia Tiziana, na Tiziana asingeniachia tena nitoke hata kwenda sokoni. Ndiyo kwanza nimetoka. Tangu mume wangu afe, hii ndiyo safari yangu ya kwanza peke yangu." Akasimama kidogo apumzike. "Nilikuwa hapa kabla ya wote. Niliketi pale kwenye lile benchi. Mlipofika nikanyanyuka, mguu ukawa umekufa ganzi, na meli nayo ikamwaga watu wake. Nilipofika ukingoni mlikuwa mnarudi nyuma. Nikakupungia."

"Sikukuona."

"Uliniona. Ulinipungia na wewe."

Catello akakumbuka. Mtu fulani kwenye gati, mkono juu, leso. Mtalii anaaga. Yeye alikuwa amenyanyua mkono, wasichana watatu wakanyanyua yao, na Mirta akapuliza busu. Mashua nzima ilikuwa imemuaga kwa furaha.

Catello alipiga magoti kwenye gati, katikati ya mabegi na watu, akamfungia kamba za viatu, kisha akainua uso akamtazama vizuri, jicho lililolegea, doa la shavuni, mpaka Bi Ottavia akaziba mdomo kwa mkono.

"Inatosha," alisema. "Watu watadhani unanichumbia."

*

Lobra walikuwa wakingojewa. Mirta na mumewe hawakuwa wamerudi hotelini. Walikuwa wameketi kwenye gati pamoja na Liberato, wakila uduvi wake. Mashua ilipozunguka mwamba Liberato alisimama juu ya ndoo akatazama kwa muda mrefu.

"Watatu!" alipiga kelele. "Wako watatu!" Na alisahau kabisa kumtania, akashuka mwenyewe kupokea kamba.

Njia nzima ya ngazi Bi Ottavia aliwasihi. Tiziana asijue. Waseme lolote, yeye atasema lolote, ila Tiziana asijue. Ersilia alikubali. Catello hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa amembeba mgongoni sehemu zenye mwinuko mkali na pumzi ilikuwa ndogo.

Bi Nannina aliwasikia tangu ukumbini. Alikuwa ameshasema bafuni mara nne, mara ya mwisho akiwa ameificha simu ndani ya sufuria ili isimtazame. Alimshika Bi Ottavia mashavu yote mawili, akamtukana kwa kumtia hofu, akambusu, akamtukana tena. Kisha akampeleka mezani, akawasha moto wa tambi, na simu ikalia ndani ya sufuria.

Bi Ottavia huweka simu yake kwenye kipaza sauti kwa ajili ya sikio lake. Kwa hiyo nyumba nzima ilisikia.

"Mama! Ulikuwa wapi? Muda wote huo bafuni? Kuna nini huko? Umepotea tena? Sema kweli, umepotea tena!"

Bi Ottavia aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Nilikuwa," alianza, "nilikuwa naoga, halafu nika... nikasahau simu."

"Umesahau. Kila siku umesahau. Sasa unaona kwa nini nasema huwezi kwenda peke yako? Kesho nakuja kukuchukua."

Bi Ottavia aliinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa juu ya kitambaa cha meza, ukinyoosha mkunjo ambao haukuwapo.

"Bi Tiziana," alisema Catello. Alisogea akasimama upande wa kushoto wa bibi. "Ni Catello, nahodha. Mama yako hakusahau kitu. Nilimwacha mimi, Capri. Yeye alifika gatini kabla ya watu wote, mimi nikaondoka bila kumtazama. Aliniita kwa mkono nisimwelewe. Nimerudi kumchukua, mzima. Ukitaka kunishtaki una haki. Lakini usiseme amesahau, kwa sababu aliyesahau ni mimi."

Ersilia aliziba uso. Bi Nannina alishika mwiko. Walisubiri makelele, na makelele hayakuja. Kwenye simu palisikika mtu anavuta kiti, anaketi.

"Mama," alisema Tiziana, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Umewaambia habari za kituo cha mafuta?"

"Sijamwambia mtu," alisema Bi Ottavia.

"Hata kaka Fausto?"

"Hata Fausto."

Tiziana alianza kulia. Alilia kama wanavyolia watu wasiozoea, kwa kukwama. Alisema, na hatujui kama alikuwa akimwambia mama yake au wale asiowaona, kwamba mwaka jana walisimama kujaza mafuta barabara kuu, watoto wanapigana kiti cha nyuma, simu ya kazini inalia, na yeye akaondoka. Alifika mji wa pili ndipo akatazama kiti cha pembeni. Alipomrudia, ndugu walikuwa wameshapiga kuuliza mbona wamechelewa, naye akawaambia mama amepotea, mama siku hizi anatangatanga, mama anasahau. Na wote wakaamini, na kuanzia siku ile ikawa hivyo.

"Sikuwa nimepotea," alisema Bi Ottavia taratibu. "Nilikuwa palepale uliponiacha, Tiziana. Nilikuwa na kahawa yako mkononi."

"Najua, mama."

"Ilipoa."

"Najua."

Bi Nannina ndiye aliyeinuka kwanza. Alimimina tambi, akaweka mafuta na jibini, akamsukumia rafiki yake sahani iliyojaa kuliko zote. Kisha akakumbuka kitu, akanyoosha mkono ukutani na kumgeuza Bikira Maria awaangalie.

"Basi kesho siji," alisema Tiziana, akivuta kamasi. "Kama hutaki, siji. Utarudi lini, mama?"

Bi Ottavia alishika uma. Alikuwa na njaa kweli; tangu asubuhi alikuwa amekula mkate mmoja na maji ya limau.

"Nikichoka," alisema, akaanza kula.